Kuanza kiangazi Ohio: besiboli kwanza, rola kosta baadaye

Hapa Dayton, Ohio, kiangazi hakisubiri kalenda. Kinaanza wikendi ya Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Shule zinafungwa, na watoto wanakaa sebuleni wanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyewafukuza walimu. Kazini kila mtu atakwambia uwapeleke besiboli, uwapeleke Kings Island, ile bustani ya burudani yenye rola kosta, treni ndogo za kupanda juu na kuporomoka kwa kasi. Namna ya kwenda hakuna anayekufundisha. Mimi nina miaka tisa hapa, kazi yangu ni ya usiku kwenye ghala, na karibu kila kosa linaloweza kufanyika nimeshalifanya. Kwa hiyo nisikilize.

Anza na besiboli, na usianze na timu kubwa. Cincinnati Reds wako mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kusini, uwanja wao uko kando kabisa ya mto Ohio, na ni uwanja mzuri, lakini utawafuata baadaye. Wewe anza na Dayton Dragons, timu ya vijana wanaokuzwa na hao hao Reds, wanaocheza katikati ya mji. Tangu 2000 uwanja wao unauza tiketi zote, na mwaka 2011 walivunja rekodi ya timu za kulipwa za Amerika Kaskazini kwa kujaza uwanja mechi nyingi mfululizo. Hilo lisikutishe. Tafuta tiketi za kukaa kwenye majani, kule nyuma ya uwanja. Beba khanga mbili za kutandika, watoto wajibingirishe wapendavyo. Wanapokuwa nyumbani hucheza Jumanne mpaka Jumapili. Jumatatu hawachezi, kwa hiyo usije ukawavalisha watoto ukaishia kwenye geti lililofungwa.

Sasa mchezo wenyewe. Shemeji yangu, mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mechi yake ya kwanza alikaa kimya karibu dakika arobaini, kisha akaniinamia: "Shemeji, wataanza saa ngapi?" Raundi ya pili ilikuwa inaisha.

Simcheki, maana hata mimi nilikuwa natafuta goli. Usitafute goli. Tazama watu wawili tu: mrushaji aliyesimama juu ya kichuguu na mpigaji mwenye rungu. Kati yao ni mita 18 na kitu. Mpira ukipita juu ya kile kibao cheupe kilicholala chini mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, naye akauacha, hiyo ni straiki. Akipiga hewa, ni straiki. Zikifika tatu ametoka, anarudi kukaa. Lakini mrushaji akirusha minne nje ya eneo hilo, kila mmoja huitwa boli, na mpigaji hajajaribu kuipiga, anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Akiupiga vizuri anakimbia mita 27 mpaka kituo hicho, na kazi yake ni kuzunguka vituo vyote vinne arudi alipoanzia. Hapo ndipo timu yake inapata pointi moja. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Raundi ni tisa, na sare hakuna: wakilingana, wanaongeza raundi.

Ukishaelewa hivyo, utaanza kuona vita vilivyofichika. Mrushaji akiwa na boli tatu na straiki mbili, uwanja mzima unanyamaza, maana mpira unaofuata karibu lazima uamue kitu. Wakati huo usiende kununua chakula. Nenda timu zinapobadilishana.

Tena, macho yawe mbele. Mpira unaopigwa ukakengeuka pembeni huingia kwenye viti vya watu ukiwa na kasi ya jiwe la manati, na ni mgumu kweli. Ukiwa na mtoto, usikae karibu na mistari ya pembeni huku unatazama simu. Ila ukiudaka, au ukiokota uliodunda, ni wako, unaenda nao nyumbani. Na katikati ya raundi ya saba watu wote watasimama kujinyoosha na kuimba. Simama nao, hata kama maneno huyajui. Fumbua mdomo tu.

Hili lifuatalo nalisema polepole, kwa sababu wenyeji hawalijui. Baadhi ya usiku, mechi ikiisha, wanapiga fataki. Kwa Reds kule Cincinnati ni zaidi: wana mabomba mawili makubwa, mfano wa yale ya meli za zamani za mvuke, yanayotoa moto na fataki hata katikati ya mchezo mchezaji wao akipiga homu rani, yaani mpira unaoruka mpaka nje ya uwanja naye akazunguka vituo vyote. Tulipokuwa kwa Dragons sikumwambia shemeji. Mlio wa kwanza ulipopasuka, alikuwa ameshamlaza mwanangu mdogo chini ya kifua chake, kwenye majani, kabla sijageuza shingo. Watu waliotuzunguka walidhani anacheza na mtoto. Tulikaa vile mpaka zikaisha, mkono wangu mgongoni kwake. Kwa hiyo kama unampeleka mtu aliyetoka kwenye risasi, angalia ratiba ya fataki kabla ya kununua tiketi. Kama ni usiku wake, mwambie mapema, au ondokeni raundi ya nane. Hakuna atakayewauliza.

Baada ya hapo, wiki mbili au tatu zikipita, nenda Kings Island. Iko Mason, upande wa Cincinnati, na ipo tangu 1972. Utaijua kwa mnara wao wa Eiffel, theluthi moja ya ule wa Paris, unaouona ukiwa bado barabarani.

Kazi ya kwanza ni ya nyumbani: pima watoto. Mashine nyingi kubwa zinadai urefu, na mhudumu mwenye kijiti hana huruma, wala hapaswi kuwa nayo. Rola kosta iitwayo The Beast inataka inchi 48, yaani sentimita 122 hivi. Nyingine, Orion, inataka 54, sentimita 137. Binti yangu nilimpima kwenye fremu ya mlango nikachora alama ya penseli, akavuka vizuri, tukafurahi. Kule akakwama. Nilikuwa nimepima na rasta zake zilizofungwa utosini, na zile zilitupa sentimita tatu za uongo. Alilia mpaka kwenye mashine za watoto. Weka rula bapa kichwani, bonyeza nywele, ndipo uchore.

Chakula cha nyumbani hakiingii. Nililibeba hotipoti la pilau mpaka getini nikarudi nalo kwenye gari, tukala tumeketi kwenye buti. Maji usinunue kila mara, nenda kwenye kibanda cha vinywaji uombe kikombe cha maji ya barafu. Nguo za kuogelea beba, kwa sababu sehemu ya maji imo ndani ya tiketi hiyo hiyo. Kilemba, kofia, simu, miwani: kitu chochote kisichofungwa mwilini kitaruka. Na radi ikikaribia mashine zinasimama, kwa hiyo asubuhi tazama hali ya hewa.

Nenda Jumanne au Jumatano, ufike kabla geti halijafunguliwa. Sisi tulienda Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku pekee ambayo sote hatukuwa na zamu, na foleni tuliiona.

Mwoga umwanzishie The Racer, ya mbao, yenye treni mbili zinazoshindana. Kabla hajapanda mweleze inavyofanya kazi, maana hofu nyingi ni ya kutojua. Hakuna injini inayoisukuma treni kule chini. Mnyororo unaivuta mpaka kileleni, ile kraka-kraka unayoisikia ni kizuizi cha kuizuia isirudi nyuma, kisha inaachiwa na uzito wake unafanya yaliyobaki. Na haichomoki: kila upande ina magurudumu juu ya reli, ubavuni mwa reli, na chini ya reli. Mwisho mwambie apumue nje wakati wa kushuka, apige kelele.

Kuhusu kiti: mbele unaona kila kitu, nyuma unavutwa kwenye mteremko kwa kasi zaidi, tumbo linabaki juu. Kwenye The Beast kaa mstari wa katikati wa behewa, usikae juu ya magurudumu, vinginevyo mgongo utakuuma mpaka Ijumaa. Orion, ya mwaka 2020, inakuangusha futi 300, kasi maili 91 kwa saa. Mimi nilipanda mara moja. Inatosha.

The Beast iachie usiku. Ni ya 1979, reli yake ina zaidi ya futi 7,300, na mpaka leo hakuna rola kosta ya mbao ndefu kuliko hiyo duniani. Inapita msituni, na giza likishaingia huoni miti mpaka imeshakupita sikioni. Katikati inapanda mara ya pili, polepole, taratibu kabisa, unasikia wadudu na sauti za watu mbali. Pale ndipo shemeji alipoanza kucheka, kabla hata hatujashuka, na hakunyamaza mpaka breki.

Kabla hujaingia asubuhi, piga picha ya namba ya safu ulipoegesha gari. Sisi tulizungukia maegesho karibu nusu saa, mdogo amelala begani kwa shemeji, binti yangu anaburuta miguu nyuma.

"Shemeji," akaniuliza, "kesho Dragons wanacheza?"

"Kesho Jumatatu."

Akahesabu kimya. "Basi Jumanne nitaomba ruhusa."