Kabla hujachomeka simu ya mtu kwenye laptopu yako

Ukitaka kujaribu programu yako ya Android kwenye simu ya mtu, anza na kebo. Si kila kebo inayochaji hupitisha data. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya mbili za umeme na mbili za data, na baadhi ya zile za bei rahisi zimewekwa za umeme tu. Simu itaonyesha inachaji, laptopu isiione, nawe ushinde asubuhi nzima ukibadilisha mipangilio isiyo na kosa. Ukinunua kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, hamisha picha moja palepale dukani kabla hujalipa.

Utatuzi wa USB, yaani ruhusa ya laptopu kuiamuru simu kupitia kebo, lazima uwe umewashwa. Fungua Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, kisha uutafute kwenye Chaguo za wasanidi programu. Simu nyingine, hasa za Xiaomi, zina swichi ya pili ya kuruhusu usakinishaji kupitia USB. Iwashe pia.

Kwenye laptopu, andika `adb devices`; adb ni chombo cha kuzungumza na simu kwa amri. Ukiona `unauthorized`, acha kuhangaika na laptopu: fungua skrini ya simu, kuna swali linalosubiri ukubali. Usipoona kitu kabisa, Windows huenda inataka dereva (programu ndogo ya kuitambua simu) ya mtengenezaji wa simu, na Linux inataka kanuni za udev, zinazokuruhusu kuifikia simu. Mac haidai chochote. Kisha `adb kill-server`, uanze upya.

Programu ikishindwa kufikia seva iliyo kwenye laptopu yako, kumbuka kwamba `localhost` ndani ya simu ni simu yenyewe. `adb reverse tcp:8080 tcp:8080` inamaliza hilo, kwa kuielekeza bandari 8080 ya simu kwenye ile ya laptopu. Na kuanzia Android 9, anwani ya http isiyo na s huzuiwa usipoiruhusu wewe mwenyewe kwenye programu yako.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu hapa aliyeumia si mimi.

Tulikuwa tumemwandikia mama mmoja mwenye duka Kawangware programu ya kuweka madeni ya wateja: nani amechukua unga, nani sukari, nani ameahidi kulipa mwisho wa mwezi. Akalalamika kwamba inajizima akiandika majina fulani. Ofisini tulijaribu wee, haikujizima. Nikaenda dukani na laptopu, nikachomeka simu yake, nikabonyeza kitufe cha kuendesha toleo la majaribio. Android Studio, programu tunayoandikia, ikakataa: `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE`, yaani saini ya toleo langu haikulingana na ya programu iliyokuwa kwenye simu. Ikaniuliza kama ninataka programu ya zamani iondolewe kwanza, na ikaonya waziwazi kwamba data yake itafutika. Wateja walikuwa wamejipanga dirishani, mama ananiangalia. Nikakubali bila kusoma.

Madeni ya miezi mitatu yakaenda. Bando lilikuwa likimwishia, kwa hiyo rekodi nyingi hazikuwa zimefika kwenye seva. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, “Kijana wangu, sasa yale ya mwezi wa nne nitayatoa wapi?” Tukakaa na daftari na kalamu hadi saa mbili usiku, akikumbuka jina baada ya jina. Walio waungwana walikuja kulipa. Wengine walisema hawakudaiwa kitu, na hakuwa na la kuwaonyesha.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sikuhitaji kusakinisha chochote. Alipoandika Ng'ang'a ikajizima tena, na `adb logcat`, inayoonyesha kumbukumbu za yanayotokea ndani ya simu, ikaonyesha kosa kwa mstari mmoja: `near "ang": syntax error`. Ritifaa (') ya jina ilikuwa inakatiza amri ya SQLite, hifadhidata iliyo ndani ya simu. Ofisini tulikuwa tukijaribu kwa majina kama Otieno na Mwende, yasiyo na ritifaa. Kosa lilelile lingesomeka kwenye programu yake ya zamani, data ikiwa salama.

Kwa hiyo, soma `logcat` kwanza. Simu ikiwa ya mteja, fungua programu mwenyewe mbele yake, hakikisha rekodi zimefika kwenye seva, na kama hazijafika mnunulie bando mkae zifike. Toleo la majaribio lipe jina lake la kifurushi, ambalo simu huitambulia programu, kwa `applicationIdSuffix`, mawili yakae pamoja bila kugusana. Hata matoleo mawili ya majaribio kutoka laptopu mbili hugongana, kwa kuwa kila mashine hujitengenezea ufunguo wake wa kutia saini. Mwenzako asikwambie “ondoa tu, uweke upya.”

Mengine ni madogo. Angalia nafasi kwenye simu. Laptopu iwe na chaji, stima hazina miadi. Ukichomeka simu mbili, taja unayoitaka kwa `-s`, usije ukasakinisha kwenye isiyo yako. Usiweke tiki ya kuruhusu kompyuta hii kila mara kwenye simu ya mtu. Na kabla hujamrudishia, batilisha ruhusa ulizopewa, zima Utatuzi wa USB, umwombe afungue programu yake mbele yako aangalie kama kila jina lipo.