Baiskeli ya milimani kwa hela ndogo
Kama mfuko hauruhusu, nenda kwenye mtumba, na usibabaishwe na shokapu ya nyuma. Kwenye baiskeli ya bei ya chini hiyo ni uzito tu, na bushi zake zikilegea fundi wa mtaani hana spea. Mimi huchagua isiyo na shokapu nyuma, tairi za inchi 26, breki za mpira.

Ipindue. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya shingo ya usukani. Ukikuta ufa hapo achana nayo, hata wakikupunguzia nusu bei. Zungusha magurudumu uone kama rimu zinayumba. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto kulia. Mkono huo ukilegea, huenda beringi zimeisha, omba punguzo. Na usimalize hela zote dukani: cheni na matairi ya mtumba mara nyingi hubadilishwa mapema.