Historia ya dunia: usisome bara moja moja

Wengi tukijiandaa na mtihani wa historia ya dunia nzima tunaimaliza Ulaya kwanza, kisha Amerika, kisha Asia. Siku ya mtihani swali linauliza uhusiano, nasi tunabaki tunatafuna kalamu.

Jaribu hivi: chukua karatasi kubwa (nyuma ya kalenda ya mwaka jana inafaa sana), chora safu moja kwa kila bara, miaka ishuke pembeni. Mwaka 1789 Wafaransa wanaanza mapinduzi. Safu ya Amerika, 1791: watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililotajirika kwa sukari, wanaasi. Mwaka 1803 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, jeshi lake likiwa limeteketea huko Saint-Domingue kwa vita na homa ya manjano, anaiuzia Marekani eneo la Louisiana. Mwaka 1804 Saint-Domingue inatangaza uhuru kwa jina jipya: Haiti. Miaka 15 tu, mnyororo mmoja.

Tarehe mia mbili usikariri. Shika thelathini, nyingine zipange kabla au baada ya hizo. Kisha funika safu moja uijaze kwa kichwa. Itakayokushinda ndiyo ya kusoma usiku huo, siyo ile unayoipenda.