Kupima Athari za Joto Kali kwa Uzazi wa Ndege wa Porini: Mwongozo kwa Anayeanza

Anayefuatilia viota kwa mara ya kwanza hutarajia kwamba madhara ya joto kali atayaona katika makinda waliokufa. Hilo hutokea, lakini hasara nyingine hujificha katika yai lisiloanguliwa, katika mzazi anayerudi kiotani bila chakula, na katika kinda anayeruka kabla hajafikia uzito wake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukusanya takwimu zitakazoyafichua hayo, na unachukulia kwamba tayari una kibali cha mamlaka ya wanyamapori cha kukagua viota.

Hatua ya 1: Chagua spishi moja. Viota 20 vya spishi moja unavyoweza kuvifikia kila baada ya siku chache vitakufaa kuliko viota 60 vya spishi kumi. Kwa kila kiota andika kimo chake kutoka ardhini, upande unaoelekea mlango wake, na saa ambazo jua hukipiga moja kwa moja. Andika pia aina yake, kwa kuwa sanduku la mbao lililotundikwa ili ndege watage ndani, lenye kuta nyembamba, hupata joto mchana kuliko tundu lililomo ndani ya shina la mti ulio hai, ambalo unene na unyevu wa shina hulikinga.

Hatua ya 2: Pima joto la kiota chenyewe. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa kivulini mahali penye hewa ya kutosha, kwa hiyo hakikuelezi kinachompata kinda aliyefungiwa ndani ya sanduku lililopigwa na jua. Tumia vifaa vidogo vinavyorekodi joto kila baada ya dakika 10, kimoja ndani ya kiota na kingine nje, karibu na kiota, kivulini. Cha ndani kisiguse mayai wala makinda, kwani mwili wa ndege una joto la takriban nyuzi 40 hadi 42 za Selisiasi, na utajikuta unapima mwili badala ya hewa. Kabla ya msimu, viweke vifaa vyote mahali pamoja kwa siku nzima uone kama vinakubaliana. Mimi niliwahi kuliruka jambo hili, nikalazimika kuvitupa vipimo vyote vya kifaa kimoja.

Hatua ya 3: Tenganisha vipindi vya uzazi. Wimbi la joto la siku tano halina maana moja kabla ya kutaga, wakati wa kuatamia na wakati wa kulisha. Kabla ya kutaga linaweza kuharibu mbegu za dume, jambo lililoonekana kwa ndege waliowekwa katika joto la nyuzi 40 maabara. Wakati wa kuatamia, kiinitete, yaani kinda anayekua ndani ya yai, hukua vizuri kati ya nyuzi 36 na 40 hivi. Yai linaweza kuvumilia kupoa kwa muda, lakini nyuzi chache tu juu ya kiwango hicho huweza kuliua. Ndiyo maana katika siku kali utamwona mzazi amesimama juu ya mayai akiyatilia kivuli badala ya kuyalalia, na baadhi ya ndege wa ufukweni hulowesha manyoya ya tumbo ili wayapoze. Andika tarehe ya kila yai, kwa sababu hewa yenye joto huweza kuanza kulikuza yai la kwanza kabla mama hajaanza kuatamia, na makinda wakaanguliwa kwa kupishana.

Hatua ya 4: Pima uzito wa makinda. Pima asubuhi na mapema, saa ileile kila mara. Usifungue kiota katikati ya mchana wenye joto kali, na acha kabisa kupima makinda wanapokaribia umri wa kuruka, kwani hushtuka wakatoka mapema. Joto peke yake linatosha kuwatoa: mwezi Juni 2022, kusini mwa Hispania, mamia ya makinda wa teleka walianguka kutoka viota vilivyo chini ya mapaa.

Hatua ya 5: Watazame wazazi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Ndege hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na kuachanisha mabawa na mwili, na hivyo hupoteza maji. Anayehema hushindwa kuwinda vizuri, na anayekaa kivulini hawindi kabisa. Kaa mbali ukiwa na darubini, kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja alasiri, ukihesabu safari za chakula, ukubwa wa mawindo, na dakika ambazo mzazi alihema. Hondohondo wa jangwa la Kalahari wanaonyesha uzito wa jambo hili. Jike hujiziba ndani ya tundu, akimtegemea dume amletee chakula. Katika utafiti uliofanywa huko kati ya 2008 na 2019, mafanikio ya uzazi yalishuka sana kadiri joto lilivyopanda.

Hatua ya 6: Tafuta sababu nyingine. Nyoka, siafu na ukame huacha viota vitupu vilevile. Rekodi mvua, maana miezi yenye joto kali mara nyingi ndiyo iliyo mikavu, na ukame hupunguza wadudu hata siku ambazo joto ni la kawaida.

Hatua ya 7: Linganisha joto na matokeo ya kila kiota. Wastani wa joto la msimu huficha kilele cha siku tatu kilichoua kizazi kizima, hivyo hesabu saa zilizozidi nyuzi 35, kisha zilizozidi 40, kwa kila kipindi cha kila kiota. Ukiwa na masanduku, yatilie kivuli nusu yake kwa kura kabla ndege hawajataga, kwa ubao wa pili ulioinuliwa sentimita chache juu ya paa ili hewa ipite katikati. Usilihamishe sanduku lenye mayai, hata kama jua limeligeukia.