Somo: Kuchagua pedali za gitaa za bei nafuu, na adapta isiyoziunguza

Ibada ikiisha tu, kabla sijarudisha gitaa kwenye mfuko wake, kuna kijana amesimama pembeni: "Mwalimu, ninunue pedali gani?" Jumatatu wengine wananiuliza kwa simu. Nimejibu hadi nikaanza kukata maneno, na anayeuliza kwa mara ya kwanza hastahili kujibiwa hivyo. Basi yote nimeyaweka hapa. Pedali ni kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Napiga solo hapa Kisumu, kanisani na kwenye harusi, benga na rumba zaidi, na pedali zangu nyingi nilizinunua zikiwa zimetumika.

1. Anza na muziki unaopiga. Wengi hukimbilia distoshoni (inayochafua sauti iwe na mkwaruzo) kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video. Solo la benga linataka noti zitoke moja moja, kali na safi. Ukipiga nyuzi mbili pamoja kupitia distoshoni nzito, pedali inazalisha sauti za ziada ambazo hukuzipiga, nazo zinagombana na zako. Kwa benga na rumba tafuta kompresa (inasawazisha noti kubwa na ndogo), korasi (gitaa moja linasikika kama mengi) na dilei fupi (inarudia noti kama mwangwi). Kwa nyimbo za kuabudu za taratibu, dilei na rivabu (mvumo wa ukumbi mkubwa). Ovadraivu, yaani distoshoni nyepesi, ni ya roki na bluzi, na hata hapo iwe ya wastani.

2. Kama huna tyuna (kifaa cha kulinganisha nyuzi), nunua tyuna kabla ya pedali yoyote.

3. Pedali moja moja au mashine ya efekti nyingi (kifaa kimoja chenye sauti za pedali nyingi)? Mwenye pesa kidogo namshauri achukue mashine ndogo ya efekti nyingi, mfano Zoom G1 Four. Utajifunza korasi ni nini na kompresa ni nini bila kununua kila moja, inatumia adapta moja, na stima ikipotea inakubali betri 4 za AA. Ukishajua sikio lako linapenda nini, ndipo ununue pedali moja moja. Kati ya za bei ya chini, nyingi za Behringer zina kasha la plastiki: sauti si mbaya, lakini usizikanyage kwa hasira. Joyo, Donner na Mooer wanatengeneza ndogo za chuma, ila zile ndogo kabisa kwa kawaida hazina nafasi ya betri. Boss iliyotumika ni mali. DS-1, distoshoni yao, ilitoka mwaka 1978 na bado inauzwa, na mafundi wanaijua.

4. Adapta. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo nilipoumia. Pedali yangu ya kwanza ya dilei niliiwekea akiba miezi mingi. Siku ya kwanza ya mazoezi sikuwa na adapta yake, nikachomoa ya kinanda cha kanisani. Plagi iliingia vizuri kabisa. Taa iliwaka mara moja, nikasikia harufu ya kuungua, na dilei yangu ikafa kabla sijapiga wimbo hata mmoja. Adapta ile ilikuwa ya volti 12 na chanya yake iko katikati. Pedali ilitaka volti 9 na hasi katikati. Plagi kuingia hakuna maana yoyote. Zinafanana kwa umbo tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka, soma kibandiko cha adapta na cha pedali, vyote viwili:
– Volti zilingane. Pedali nyingi ni 9V DC. Ukiona AC upande wa kutoa umeme, weka chini, isipokuwa pedali yenyewe imeandikwa AC.
– Tazama mchoro wa duara wenye doa katikati. Doa likiunganishwa na alama ya hasi (–), hasi iko katikati, na ndiyo kawaida ya pedali. Fazi (distoshoni nzito sana) chache za mtindo wa zamani ziko kinyume.
– Miliampea za adapta ziwe sawa na zinazohitajika au zaidi. Zikizidi hakuna madhara, pedali huvuta inachohitaji tu. Distoshoni huvuta chache, dilei ya dijitali inaweza kuvuta makumi kadhaa, mashine ya efekti nyingi hata 500.
– Adapta uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani iangalie upande wa kuingiza. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, usiichomeke kwenye stima yetu ya 240V hata kwa kujaribu. Iliyoandikwa 100–240V ni salama.

Tenga pesa ya adapta ndani ya bajeti ya pedali, tangu siku ya kwanza.

5. Ukinunua iliyotumika, iwe soko la Kibuye siku ya Jumapili au kwa mtu wa mtandaoni, nenda na gitaa lako, kebo yako na betri mpya ya 9V. Kanyaga swichi mara ishirini. Zungusha kila kitufe ukisikiliza mikwaruzo. Fungua sehemu ya betri: ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ilivuja humo. Usitume M-Pesa kabla hujaisikia ikilia.

6. Mpangilio wa pedali, kuanzia upande wa gitaa: tyuna, kompresa, ovadraivu, korasi, dilei, rivabu.

MASWALI

Kijana wa Mamboleo: Nitajie tu pedali nzuri ya bei rahisi.

Mwenye somo: Soma hatua ya 1 na ya 3. Kisha uniambie unapiga nini na una shilingi ngapi.

Kijana wa Mamboleo: Napiga kila kitu.

Mwenye somo: Basi mashine ya efekti nyingi. Hatua ya 3.

Nyuzi Sita: Mwalimu, dilei fupi ni fupi kiasi gani? Yangu nikiiwasha inanipoteza kwenye mdundo.

Mwenye somo: Swali zuri sana, omera. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500 kwa pigo moja, na nusu yake ni 250. Weka 250, irudie mara moja au mbili tu, sauti ya marudio iwe chini ya sauti yako, na utaona mwangwi unaingia katikati ya noti badala ya kuzikanyaga. Ukitaka solo linenepe bila mwangwi kusikika wazi, shuka hadi kama 100. Jaribu, uniambie.

Nyuzi Sita: Nimejaribu 250. Sasa nasikia kama tuko wawili!

Mwenye somo: Ndiyo hiyo. Sasa shika mdundo na mpiga ngoma, usiufuate mwangwi.

Fundi Redio: Unawatisha watu bure. Mimi natumia 12V mwaka mzima na pedali yangu haijaungua.

Mwenye somo: Soma kibandiko chake. Zipo pedali zinazokubali 9 hadi 18, na huenda yako ni mojawapo. Yangu haikuwa. Anayesoma hapa hana pedali yako.

Besi Nyalenda: Naweza kutumia ovadraivu ya gitaa kwenye besi?

Mwenye somo: Haitaharibika, lakini nyingi, hasa za mtindo wa Tube Screamer, hupunguza sauti nzito za chini, na besi bila sauti za chini imebaki nini? Tafuta yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyochafuliwa.

Mama Kwaya: Mwanangu yuko kidato cha pili, anaomba pedali. Gitaa lake ni la kwanza. Nianze na nini?

Mwenye somo: Shikamoo mama. Kwanza mnunulie nyuzi mpya, kebo nzuri na tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa. Gitaa lenye nyuzi zilizoshika kutu halitaponywa na pedali. Baada ya muhula mmoja akiwa bado anapiga kila siku, mashine ndogo ya efekti nyingi inatosha, nayo atafanya mazoezi kwa spika za masikioni usiku bila kuwaamsha. Ukifika dukani nipigie picha kibandiko cha adapta, nitakusomea.

Kondele Solo: Pedali zangu nne ziko kwenye adapta moja na zinavuma. Nifanye nini?

Mwenye somo: Toa moja moja hadi mvumo ukome. Mara nyingi ni ile ya dijitali inayochafua umeme wa nyingine, basi ipe adapta yake. Kama mvumo unabadilika ukigeuka na gitaa, hiyo ni pikapu (sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa) inayonasa stima ya ukumbini. Sogea mbali na transfoma na taa.

Nyuzi Sita: Na betri yangu inaisha haraka hata nisipopiga.

Mwenye somo: Chomoa kwenye pedali kebo inayotoka kwenye gitaa kila ukimaliza. Kwenye pedali nyingi, kebo ikiwa ndani ya tundu hilo betri inafanya kazi, hata taa ikiwa imezimwa. Na ukiiweka kabatini mwezi mzima, toa betri kabisa.