Mafundi wakiwa ndani, okoa chumba kimoja

Ndugu zangu mnaokarabati nyumba huku mnaishi humo humo: kabla fundi hajagonga nyundo ya kwanza, chagueni chumba kimoja kisichoguswa mpaka mwisho. Sisi hapa Shangani, Mtwara, tulichagua cha upande wa kusini, kwa kuwa kusi linavuma kutoka huko na vumbi la plasta likaelekea upande wa pili. (Msimu wa kaskazi, geuzeni.) Chini ya mlango lazeni kanga kuukuu iliyolowa, muisuuze kila jioni. Humo ndimo mtakamolala, na humo humo muweke unga, mchele na sare za shule.

Maji tenganisheni. Pipa la fundi ni la fundi. Ndoo ya zege isiguse maji ya kunywa. Saruji mbichi inachoma ngozi, na watoto huichezea kama matope. Hilo linanitisha kuliko kelele zote. Ikimgusa mtoto, mwosheni upesi kwa maji mengi.

Bati fumueni chumba kwa chumba, na mmalize Oktoba. Mvua zetu za huku huanza Novemba au Desemba.