Jinsi ya kupima utengano wa rangi na kipato katika mitaa ya jiji kubwa la Marekani

Jiji linaweza kuwa na watu wa kila rangi, na bado kila mmoja akaishi na wa rangi yake. Asilimia za jiji zima haziwezi kuonyesha hilo: zinasema nani yumo ndani ya mipaka, hazisemi nani ni jirani ya nani. Ukitaka kujua la pili lazima ushuke mtaa kwa mtaa, na kazi hiyo inawezekana kwa takwimu za sensa ya Marekani, ambazo ni za bure, pamoja na kompyuta yenye lahajedwali na programu ya ramani kama QGIS.

Kabla ya kupakua chochote, amua unauliza nini. Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: makundi mawili yamesambaa sawasawa mitaani, au kila moja lina upande wake? La pili: mtu wa kundi hili, akifungua mlango wake, anazungukwa na nani? Kila swali lina kipimo chake, na jibu la moja halijibu lingine.

Mpaka wa eneo

Usipime jiji pekee, pima eneo zima la jiji pamoja na vitongoji vyake. Serikali ya Marekani huyaunda maeneo hayo kwa kuunganisha kaunti nzima nzima, na orodha ya kaunti hizo hutolewa hadharani. St. Louis ndiyo somo zuri hapa. Jiji hilo lilijitenga na kaunti yake kwa uamuzi wa 1876, na hadi leo St. Louis na St. Louis County ni vitu viwili. Ukichukua jiji peke yake, unaacha nje vitongoji ambako Weupe wengi walihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pia East St. Louis, mji wa Weusi ulio ng'ambo ya mto Mississippi, katika jimbo la Illinois. Utapima utengano baada ya kuwaondoa wale waliojitenga.

Takwimu na usafi wake

Kizio cha kawaida ni eneo la sensa: kipande cha kaunti chenye watu kati ya 1,200 na 8,000, shabaha ikiwa 4,000. Pakua majedwali ya miaka mitano ya ACS, utafiti wa sampuli ambao ofisi ya sensa huufanya kila mwaka. B03002 linagawa watu kwa rangi na asili ya Kilatino. B19001 linagawa kaya kwa madaraja 16 ya kipato. Majedwali ya B19001 yenye herufi mwishoni yanagawa kaya hizo kwa rangi ya mkuu wa kaya: B ni Weusi, H ni Weupe wasio Walatino, I ni Walatino.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, mara nyingi bila mhusika kujua.

Msimbo wa eneo una tarakimu 11: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za eneo lenyewe. Msimbo wa California huanza na 06. Lahajedwali likiusoma kama namba, sifuri inaliwa, tarakimu zinabaki 10, na takwimu zako zinagoma kuungana na faili la mipaka ya maeneo unalotumia kwenye ramani. Ingiza safu hiyo kama maandishi tangu mwanzo.

Jedwali la kipato cha kati (kile ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake), B19013, huandika "250,000+" kwa maeneo ya matajiri kabisa. Alama hiyo ya kujumlisha huifanya seli isomwe kama maandishi, nayo hesabu inairuka kimyakimya. Maeneo tajiri kuliko yote yanatoweka kwenye utafiti unaohusu matajiri na maskini. Upande mwingine, ukiona -666666666, hiyo si thamani, ni alama kwamba makadirio hayapo. Ifute kabla haijavuta wastani wako chini ya ardhi.

Ondoa maeneo ambayo wakazi wake wengi wako gerezani, kwenye mabweni ya chuo au kambini. Gereza lililojengwa katikati ya kaunti ya Weupe huonekana kwenye jedwali kama mtaa uliochanganyika vizuri.

ACS ni sampuli, kwa hiyo kila makadirio huja na mwanya wa makosa, yaani kiasi yanachoweza kupotoka juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 90. Mwanya ukikaribia makadirio yenyewe, unganisha maeneo jirani au madaraja ya kipato. Na ukitaka kulinganisha vipindi viwili, visigusane: 2014–2018 na 2019–2023 ni sawa, 2016–2020 na 2018–2022 si sawa kwa sababu miaka mitatu imo kote kuwili. Kumbuka pia kwamba mipaka ya maeneo ya sensa huchorwa upya kila miaka 10. Vipindi vyako vikiwa pande mbili za mchoro mpya, tumia takwimu zilizokwisha kurekebishwa kwa mipaka ya aina moja, kama za NHGIS, hazina ya takwimu za sensa ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Takwimu za sensa ya 2020 kwa maeneo madogo kabisa zitumie kwa tahadhari: ofisi ya sensa ilizibadilisha kidogo kwa makusudi ili kulinda siri za watu, na athari yake ni kubwa pale watu walipo wachache.

Hesabu ya usambaaji

Kipimo kinachotumika zaidi kwa swali la kwanza ni fahirisi ya D, iliyoenea baada ya makala ya Duncan na Duncan ya 1955. Kwa kila eneo, tafuta ni sehemu gani ya Weupe wote wa jiji wanaishi hapo, na sehemu gani ya Weusi wote wanaishi hapo. Toa moja kwenye nyingine, puuza alama ya kutoa, jumlisha tofauti zote, gawanya kwa 2.

Chukua jiji la kubuni lenye mitaa minne ya watu 4,000. Mtaa A una Weupe 3,600 na Weusi 400. B una 3,000 na 1,000. C una 1,000 na 3,000. D una 400 na 3,600. Kila kundi lina watu 8,000. Tofauti ni 0.40, 0.25, 0.25 na 0.40, jumla 1.30; nusu yake 0.65. Maana yake: asilimia 65 ya kundi moja wangelazimika kuhama ili kila mtaa uwe na mgawanyo sawa na wa jiji. Kwa mazoea, chini ya 0.3 huitwa utengano mdogo, zaidi ya 0.6 mkubwa.

Sasa jaribu kitu kimoja kwenye jiji hilohilo. Unganisha A na D kuwa wilaya moja, B na C kuwa nyingine. Kila wilaya ina 4,000 kwa 4,000, na fahirisi ni 0. Hakuna aliyehama hata nyumba moja. Ndiyo maana namba ya utengano isiyotaja ukubwa wa vizio haina thamani, na ndiyo maana huwezi kulinganisha jiji lililopimwa kwa maeneo ya sensa na lile lililopimwa kwa wilaya za shule.

Fahirisi hii ina upofu wa pili: haijui mtaa upi umepakana na upi. Badilishana B na C kwenye ramani, namba inabaki 0.65. Mitaa ya Weusi iliyotawanyika na mitaa ya Weusi iliyorundikana upande mmoja wa jiji, kama South Side ya Chicago, inaweza kupata alama ileile. Namba bila ramani ni nusu ya kazi.

Angalia pia makundi madogo. Watu 100 hawawezi kufika kwenye maeneo 1,000: angalau 900 yatabaki matupu. Maeneo hayo yakiwa na ukubwa sawa, fahirisi itazidi 0.9 hata kama watu hao walitawanywa kwa bahati nasibu. Huo si ubaguzi, ni hesabu tu.

Mtu anazungukwa na nani

Kwa swali la pili, chukua sehemu ya Weusi wote wanaoishi katika kila mtaa, zidisha kwa asilimia ya Weusi wa mtaa huo, kisha jumlisha. Kwenye mfano wetu: 0.005 + 0.03125 + 0.28125 + 0.405 = 0.7225. Mtu Mweusi wa kawaida anaishi penye Weusi asilimia 72, ilhali jiji zima lina asilimia 50. Kipimo hiki hupanda kundi linapokua hata kama usambaaji haukubadilika, kwa hiyo daima kiweke kando ya asilimia ya jiji.

Kipato

Kipato kina ngazi nyingi, hakigawanyiki makundi mawili. Njia nyepesi ni fahirisi ya ncha mbili: kaya tajiri kasoro kaya maskini, gawanya kwa kaya zote za eneo. Kaya 1,500, tajiri 900, maskini 150: jibu ni 0.5. Moja kamili ni mtaa wa matajiri watupu, -1 ni wa maskini watupu. Mipaka ya tajiri na maskini itoe kwenye eneo zima la jiji lako, yaani daraja la B19001 lililo karibu na asilimia 20 ya chini na 20 ya juu, kwa kuwa dola zilezile hazina uzito mmoja San Francisco na Cleveland. Sifuri isomwe kwa uangalifu: mtaa wa watu wa kati pekee hupata sifuri, na mtaa wa nusu matajiri nusu maskini hupata sifuri vilevile.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Utaambiwa kwamba Weusi wanaishi kando kwa sababu ni maskini tu. Dai hilo linapimika. Chukua kaya zenye kipato cha dola 100,000 na zaidi kwenye majedwali B19001B na B19001H, kokotoa fahirisi ya D kati ya kaya hizo za Weusi na za Weupe peke yake, kisha rudia kwa kaya za chini ya 25,000. Kama kipato ndicho chanzo, namba ya kaya tajiri ingekaribia sifuri. Tafiti za Marekani zimekuta kwa miongo mingi kwamba hupungua kidogo tu, na kwamba kaya za Weusi zenye kipato kizuri huishi kwenye mitaa maskini kuliko kaya za Weupe zenye kipato hichohicho. Usiandike kwamba umaskini unaeleza utengano kabla ya kufanya hesabu hii.

Kutafuta mkono uliochora mstari

Kwenye QGIS, paka rangi asilimia ya kundi, madaraja matano hadi saba, mipaka ya madaraja ikiwa ileile kwenye kila ramani utakayolinganisha. Tafuta mahali ambapo asilimia inaruka ghafla kati ya maeneo yanayopakana, kama Delmar Boulevard, barabara inayowatenga Weusi na Weupe huko St. Louis. Kisha weka juu yake barabara kuu, reli, mipaka ya manispaa na ya wilaya za shule. Detroit kuna ukuta wa zege uliojengwa 1941 kutenganisha mtaa wa Weusi na mradi mpya wa nyumba za Weupe, ili mradi huo ukubaliwe kwa mikopo yenye dhamana ya FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba. Sehemu yake bado imesimama.

Ongeza ramani za HOLC, shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, za miaka ya 1930, zilizochorwa kwa zaidi ya miji 200 na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyodhaniwa hatari kwa mikopo. Chuo Kikuu cha Richmond kimeziweka tayari kwa matumizi ya QGIS. Usizibebeshe lawama yote: mitaa mingi ilikuwa imegawanyika kabla yake, na hati za nyumba zilizokataza kuwauzia Weusi ziliendelea kutekelezwa na mahakama hadi hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Shelley v. Kraemer ya 1948. Ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ulipigwa marufuku kitaifa 1968.

Kwa leo, angalia mambo mawili. Kanuni za matumizi ya ardhi za kila manispaa: ukubwa wa chini wa kiwanja, na kama nyumba za ghorofa za kupanga zinaruhusiwa. Kiwanja kisichopungua ekari moja huzuia mpangaji bila kutaja rangi yake. Pili, takwimu za mikopo ya nyumba ziitwazo HMDA, ambazo benki zimelazimika kutoa tangu sheria ya 1975, na ambazo sasa zinaonyesha ombi moja moja la mkopo wa nyumba: rangi, kipato, eneo la sensa na jibu. Linganisha waombaji wenye kipato cha karibu na kiasi cha mkopo cha karibu. Kiwango cha kukataliwa peke yake, bila hayo, benki yoyote itakipangua kwa sentensi moja.